Mpaka Mkono wa Saidi Upone

Pasi ya makaa ikigusa kitambaa chenye maji hutoa harufu ambayo sijapata bado jina lake. Kuna moto ndani yake, kuna pamba, na kuna kitu kinachokaribia kuungua lakini hakiungui. Hapa ninapoishi sasa, mbali na Kisangani, yuko fundi mmoja kwenye baraza ya duka la chumvi ambaye bado anatumia pasi hiyo, na wenzake wanamcheka. Mimi nikipita pale hupunguza mwendo. Kama hakuna anayenitazama husimama kabisa, nikijifanya natafuta kitu ndani ya mkoba. Mtu mzima mwenye watoto watatu anasimama njiani kunusa pasi. Ninyi mliokulia wakati mmoja na mimi mtanisamehe, maana najua kila mmoja wenu ana pasi yake.

Kwetu ilikuwa Tshopo, ule mtaa ambao avenue zake zina namba badala ya majina. Mtu akikuuliza unakaa wapi, unataja namba, na kwa namba hiyo anajua unakula nini na unasali wapi. Avenue yetu ilijaa familia za mtoni, watu wa Yanonge na Isangi, na kila parcelle, yaani kiwanja na nyumba zake, ilinuka samaki wa moshi. Avenue ya nyuma yetu walikaa Waislamu wengi, mafundi na wachuuzi, wajukuu wa watu waliokuja na misafara ya zamani. Walijivunia kwamba Kiswahili chao kimenyooka kuliko chetu. Sisi tulijibu kwamba samaki wetu hawajawahi kulalamikia lugha yetu. Kati ya avenue hizo mbili kulikuwa na mfereji uliojaa majani na maji mabovu, na mtoto yeyote aliuruka kwa hatua moja.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye baleinière, zile boti ndefu za mbao zinazoteremka mto hadi Basoko na kupita. Akiondoka, tulimkosa kwa majuma. Mama alitoka alfajiri kwenda sokoni na beseni lake la samaki. Kwa hiyo aliyenilea mchana alikuwa kaka yangu Fiston, ambaye nilimwita Yaya, neno letu la ndugu mkubwa, kama inavyotakiwa. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mimi minane. Asubuhi kabla ya shule alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka nywele. Alisuka vibaya, mistari ilikwenda kama njia ya mlevi, lakini alisuka. Vijana wenzake walipomcheka aliwapiga makofi, kisha akarudi kumalizia upande wa pili.

Sijui hasa ni lini alianza kuwa mtu wa kundi. Vijana wa avenue yetu walijiita Bana Courant, kwa sababu umeme ulituwakia sisi mara nyingi kuliko majirani. Wale wa nyuma walijiita Les Invisibles, wasioonekana, ingawa kila mtu aliwaona. Ugomvi ulianza na mpira. Goli lilikuwa matofali mawili, na mmoja wao akasogeza tofali kwa mguu wakati mpira uko hewani. Hilo tu. Baada ya tofali ikaja ndala iliyonyang'anywa, baada ya ndala ikaja baiskeli ya toleka iliyokatwa matairi huku abiria wake amekaa juu, kisha mawe, kisha vijana wakawa hawawezi kupita avenue ya wenzao peke yao. Watu wazima walisema, "Ni batoto, itapita." Walisema hivyo hadi neno lenyewe likachoka.

Hapa sharti niwakumbushe salongo. Kila Jumamosi asubuhi mji mzima ulitoka kufanya usafi, maduka yamefungwa, kila mtu na jembe, ufagio au panga. Chef wa avenue yetu, mzee mfupi mwenye filimbi shingoni, alikuwa na desturi yake mwenyewe: kijana aliyekwepa salongo ya Jumamosi alipewa adhabu ya kukata majani ya mfereji siku nyingine. Kwa hiyo siku ile ya Alhamisi, nilipomwona Fiston akichukua panga nyuma ya mlango, na nje vijana kama kumi wakimngoja na mapanga yao, sikushangaa hata kidogo. Nilijua wamekwepa Jumamosi. Nilimcheka, nikamwambia afanye kazi vizuri. Alitoka akikimbia, na wenzake wakamfuata.

Mama alirudi mapema, samaki wameisha, uso umeng'aa.

"Fiston iko wapi?"

"Alienda salongo. Beko bengi, banabeba mupanga."

"Salongo? Leo siku ya ine."

"Chef aliwapatia punition."

Mama akacheka. "Vizuri. Awapatie ingine."

Akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake kifupi, akaanza kumenya ndizi huku akiimba wimbo wa kanisani. Nimeishi miaka mingi na picha hiyo. Mama anaimba, anatupa maganda kwenye beseni, ameridhika kwamba mwanawe anafundishwa adabu, na hatua mia mbili kutoka pale mwanawe ameshika panga hilo hilo. Kama ningesema tu kwamba walikuwa wanakimbia. Kwa maana walikimbia, na hakuna mtu anayekimbilia salongo.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani, aliyesema juu ya ua wa mianzi kwa sauti ndogo, kana kwamba anaomba chumvi: "Maman Fiston, mutoto yako amekata mutu."

Aliyekatwa alikuwa Saidi, mtoto wa Papa Ramazani, fundi wa nguo wa avenue ya nyuma. Saidi hakuwa mtu wa kundi lolote. Alikuwa na umri wa Fiston, alishona pamoja na baba yake, na siku ile alitumwa kununua uzi. Alijikuta katikati, akainua mkono wa kulia kujikinga. Panga lilipita kwenye kiganja likafika kwenye mishipa ya vidole.

Fiston alirudi kwa kuruka nyua za watu, bila panga, akajiingiza chini ya kitanda chetu. Nililala kifudifudi kumtazama. Nilimuuliza kama majani yamekwisha. Akageukia ukutani.

Kisha wakaja watu. Sijapata tena kusikia sauti kama ile, watu wengi wanaosema kitu kimoja kwa pamoja. Walitaka kuchoma nyumba. Mmoja alikuwa na bidoni la petroli, nililiona kupitia ufa wa dirisha, bidoni la njano. Mama alisimama mlangoni na kisu cha ndizi bado mkononi, na sidhani alijua kwamba anacho. Halafu umati ukapasuka, akapita mtu mwenye damu kifuani mpaka kwenye mikono ya kanzu. Huyo alikuwa Papa Ramazani. Alikuwa ametoka kumfikisha mtoto wake hospitali.

Msije mkadhani alikuwa mtu mpole. Papa Ramazani alikuwa na mdomo, mtaa mzima ulimwogopa. Mteja akilalamika kwamba suruali inabana, aliambiwa apunguze kula. Alimnyang'anya yule kijana bidoni, akaliweka chini.

"Hapa hapachomwi. Iko mutoto mwanamuke ndani, namuona ku dirisha."

Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Kesho yake wazazi wa avenue zote mbili walikaa kwenye parcelle ya chef, kwenye viti vya plastiki vilivyokusanywa kila nyumba. Baba alikuwa mtoni, kwa hiyo mama alikaa peke yake, nami nimeshika kitenge chake. Fiston alikalishwa chini, katikati. Wengine walitaka apelekwe polisi. Wengine walitaka achapwe mbele ya watu na aondoke mjini. Mama mwenyewe alisema atampeleka Opala kwa ndugu zake, aondoke machoni pa watu. Kila mtu alisema lake, hata chef akachoka kupuliza filimbi.

Ndipo Papa Ramazani akasimama.

"Police ikimubeba, mimi napata nini? Akienda Opala, napata nini? Rentrée iko karibu, batoto banarudia masomo. Niko na bleu-blanc ya masomo mbili ya kushona. Kwangu kulikuwa mikono ine, sasa iko mitatu. Nani atashona? Commissaire?"

Watu walicheka, ingawa haikuwa siku ya kucheka.

"Mumupatie mimi," akasema. "Atalala kwangu, atakula kwangu, atashona."

Mama akauliza, polepole, "Na mukimuua?"

"Maman, ningetaka kumuua, jana ningeacha bachome nyumba."

Chef akauliza ni kwa muda gani. Papa Ramazani akafikiri, akamtazama Fiston kwa mara ya kwanza.

"Mpaka mukono ya Saidi ipone."

Siku hiyo hiyo chef aliamuru mapanga yote ya avenue zetu mbili yaletwe kwake. Yalirundikwa kwenye chumba chake cha nyuma, na ikawekwa sheria: mwanamume anayetaka panga, awe na miaka kumi au hamsini, aje na mama yake, na mama ndiye alirudishe kabla ya jua kuzama. Tuliona mambo. Mabwana wenye ndevu wakipita na mama zao kwenda kuomba panga la kukatia mgomba. Mmoja ambaye mama yake alifariki ilibidi amwazime mama wa jirani, na mama huyo alimsema njia nzima kama mwanawe wa kuzaa. Na Jumamosi, Bana Courant na Les Invisibles walichimba mfereji ule pamoja, huku mama zao wamekaa kwenye kingo mbili wakiwatazama. Mwanzoni akina mama walitazama kimya. Baadaye walianza kupitishiana karanga. Sikumbuki tena mapigano baada ya hapo, angalau si ya mapanga.

Kwa hiyo ilifaa. Nasema wazi kwamba ilifaa, nisije nikaonekana mtu asiye na shukrani. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya Fiston kuondoka nilikaa kizingitini na kitana mkononi, nikingoja, hadi mama aliponiambia nifunge kitambaa kichwani niende shule.

Neno la Papa Ramazani nililichukua kama lilivyosemwa. Mkono ukipona, Yaya anarudi. Kila siku baada ya masomo niliruka mfereji nikaenda kwenye ile baraza ya kushonea. Makaa yaliwaka ndani ya pasi, bleu-blanc, zile sare za shule za buluu na nyeupe, zilining'inia mpaka dari, Fiston ameinama juu ya mashine. Aliniinulia nyusi tu, maana Papa Ramazani hakupenda maongezi kazini. Mimi sikukaa kwake. Nilikwenda moja kwa moja kwa Saidi, aliyekaa kwenye mkeka akitoa nyuzi kwenye pindo kwa mkono wa kushoto.

"Onyesha," nilimwambia.

Akaufungua mkono. Nilimwekea kibiringo cha uzi kwenye kiganja. "Funga."

Kidole gumba kilikuja, na kile kinachofuata. Vitatu vingine vilibaki vimenyooka, havisikii. Kibiringo kikaanguka, kikabingirika hadi kwenye mguu wa mashine.

"Kesho," alisema Saidi.

"Kesho," nilijibu.

Tulifanya hivyo siku ngapi, siwezi kusema. Nilimpelekea mafuta ya mawese niliyoiba jikoni kwetu, nikamsugua vidole hadi akauma midomo. Nilimpelekea majani ambayo bibi mmoja wa Yanonge aliniambia yanalainisha mishipa. Kanisani niliuombea mkono wake kwa bidii iliyomshangaza katekista. Saidi hakunikatalia hata mara moja. Siku moja Fiston aliacha mashine, akanishika bega.

"Bijou, acha kumusumbua. Inamuuma."

"Anasema haiumi."

"Anasema vile kwa sababu ni wewe."

Leo najionea aibu. Yule kijana alipoteza mkono wa kazi akiwa na miaka kumi na sita, na mtu aliyeujali zaidi mkono wake alikuwa mtoto aliyeutaka upone kwa faida yake mwenyewe. Sikuwahi kumuuliza kama analala usiku.

Kisha baba akarudi kutoka mtoni. Alichagua capitaine mkubwa kuliko wote, samaki wa kuuzwa, akaenda naye mwenyewe kwa Papa Ramazani. Walikaa saa nzima. Aliporudi alisema tu kwamba mtoto anajua kuweka zipu.

Jumapili Fiston alikuja baada ya ibada. Alikuja na mkasi mfukoni, vipande vya uzi vimemganda kwenye shati, akala, akanisuka nywele, na sasa mistari ilinyooka. Nilichukia ilivyonyooka. Mwezi wa Ramadhani alianza kufunga mchana pamoja nao, kwa sababu, alisema, ni vibaya kutafuna mbele ya mtu mwenye njaa. Alibaki Mkristo, lakini alisema "inshallah" bila kujisikia. Kisha Jumapili zikapungua. Mama alikuwa anamwekea sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na asubuhi nilikula mimi, na siku moja sikukuta sahani. Niliacha kwenda na kibiringo. Sikumbuki siku ya mwisho, na hilo linaniuma, kwa sababu siku ya kukata tamaa mtu angestahili kuikumbuka.

Nilikua, nikaolewa, nikaondoka Kisangani. Papa Ramazani alifariki, Mungu amlaze pema. Fiston na Saidi wanashirikiana ile baraza hadi leo: Saidi anapima na kubishana na wateja, mdomo amerithi kwa baba, na Fiston anakata na kushona. Wote wawili wana wake na watoto, parcelle moja. Watoto wa Saidi wanamwita Fiston "papa mkubwa". Mimi nikimpigia simu, sauti ya kwanza ninayoisikia ni mashine.

Tulimzika mama juzi juzi. Nilisafiri siku mbili kufika. Siku ya pili ya matanga, mchana, watu wamekwenda kupumzika, nilijikuta peke yangu na Fiston chini ya turubai. Ndevu zake zina mvi. Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza, nikikusudia utani.

"Yaya, sababu gani haukurudiaka?"

Alikuwa anakunja kitambaa cha jasho, akakunja mpaka kikawa kidogo kabisa.

"Papa Ramazani alinirudisha. Mwaka ya pili. Aliniambia, docteur alisha sema mukono ya Saidi haitapona, kwenda kwa mama yako. Nikabeba sac yangu, nikakuya."

"Sikukuona."

"Ulikuwa unalala, ku mukeka, pembeni ya meza. Mama alikuwa anakata majani ya pondu. Aliona ile sac, akajua. Akabeba kisu, akaingia nayo mu chambre ya kulala. Alafu akatoka mikono bure, akanikumbatia, akalia furaha. Ilikuwa furaha ya kweli, Bijou. Lakini kisu ilibaki mu chambre."

Nilitaka kumtetea mama. Alikuwa na siku mbili tu ardhini. Badala yake ikanijia meza yetu ya Jumapili: ndizi zimekatwa tayari, nyama imekatwa tayari, hata nanasi limekatwa kabla hajaingia, na mimi siku zote nilidhani mama anafanya hivyo ili mgeni asichoke.

"Kwa Papa Ramazani," akaendelea, "siku ya kwanza kabisa alinipatia makasi ile kubwa ya kukatia jinzi. Akanigeuzia mugongo, akaanza kupima mutu. Na Saidi alikuwa ku hospitali. Nilikaa na ile makasi, nikalia." Akakikunjua kile kitambaa. "Siku ile ya sac nilimwambia mama nilikuya kumusalimia tu. Nikarudia kwangu."

"Mama hakukuogopa."

"Hapana. Hakuogopea yeye. Wewe ulikuwa pale chini." Alisema hivyo kwa upole, kana kwamba ananifunga vifungo vya nguo. "Sikumukasirikia. Ningekuwa yeye, ningebeba kisu vile vile."

Watu walianza kurudi. Saidi aliingia na sinia la chai, amelishikilia kwa mkono wa kushoto na kulikingia kwa ule mwingine, akatuona tulivyo, akaenda kuanzia upande wa mbali. Mimi nilikuwa na miaka kumi siku ile ya mkeka. Nilikuwa nimechoka kwa kumngojea. Kama mtu yeyote angeniamsha, angeniuliza kama namwogopa kaka yangu, ningejibu kabla sijafumbua macho vizuri. Sikumwogopa hata siku moja, na hakuna aliyeniuliza.